Shira ya ukwaju na maembe: Jinsi ya kuiandaa na mipaka yake

Upepo wa kusi unapovuma kati ya Juni na Agosti, baridi ya alfajiri huwafikia hata wakazi wa mabonde ya Mto Tana, ambao kwa muda mwingi wa mwaka hulalamikia joto. Huu ndio wakati ambapo mafua na kikohozi huenea majumbani, nao wazazi wa Garsen na vijiji vya karibu huanza kutafuta cha kuwatuliza watoto.

Ajabu ni kwamba miezi michache tu kabla ya hapo, maembe huwa yameoza chini ya miembe kandokando ya mto kwa kukosa mnunuzi. Hali huwa mbaya zaidi maji yanapokata barabara, kama ilivyotokea katika mafuriko ya Novemba 2023. Tunda linalotupwa leo lingeweza kufaa wakati wa baridi iwapo lingegeuzwa kuwa shira.

Shira si jambo geni Pwani. Ndiyo inayomiminiwa kaimati. Tofauti ni kwamba hii hupikwa kwa maji ya matunda na viungo badala ya maji matupu. Faida yake kuu ni kwamba haihitaji jokofu kabla ya chupa kufunguliwa, jambo lenye uzito katika vijiji visivyo na umeme.

Siri yake ni sukari na uchachu. Sukari ikiwa nyingi hufyonza maji ambayo vijidudu huyahitaji ili viishi na kuzaana. Uchachu wa ukwaju au ndimu nao huzuia vijidudu hatari vinavyoweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Anayepunguza sukari kwa nia ya kubana matumizi hujikuta na chupa inayotoa povu baada ya siku chache.

Kwa shira ya ukwaju, loweka robo kilo ya ukwaju uliomenywa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Baada ya saa moja, ufikiche kwa mikono safi kisha uchuje kwa kitambaa kilichochemshwa. Kwa kila kikombe 1 cha maji ya ukwaju, tia vikombe 2 vya sukari, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini na karafuu 3. Chemsha kwa moto wa wastani kwa dakika 10 huku ukikoroga, chuja tena, urudishe motoni hadi itokote, kisha uimimine ingali moto.

Kwa maembe, chagua yaliyoiva vizuri, hasa ngowe ambayo haina nyuzi nyingi. Yaponde na kuyachuja, kisha ufuate kipimo kile kile cha sukari. Kwa kuwa embe bivu huwa na uchachu mdogo, kamulia ndimu 2 kwa kila kikombe cha rojo. Mchaichai pia waweza kutiwa wakati wa kuchemsha ili kuongeza harufu.

Chupa ziwe za kioo, zichemshwe pamoja na vifuniko vyake kwa dakika 10. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya mimea au ya mifugo. Maji ya mto yatulizwe, yachujwe na kuchemshwa kabla ya kutumiwa. Chagua chupa ndogo, kwani ikishafunguliwa shira huanza kuharibika. Ikitoa povu, ukungu au harufu ya pombe, mwaga yote.

Mtumiaji huchanganya kijiko 1 cha mezani katika kikombe cha maji vuguvugu. Anayependelea asali aitie kinywaji kikishapoa kidogo, isipoteze harufu yake. Mnamo 2019, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza iliitaja asali miongoni mwa vitu vya kujaribiwa kutuliza kikohozi cha kawaida.

Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, kwani yaweza kuwa na vimelea vinavyozalisha sumu ya kulegeza misuli tumboni mwake. Wagonjwa wa kisukari nao wajiepushe na shira hii.

Vilevile, wapo wanaodhani kwamba kila chupa iliyoandikwa dawa ya kikohozi ni salama. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia, baada ya kugunduliwa kuwa na kemikali zinazoharibu figo. Ni vyema dawa inunuliwe katika duka lililosajiliwa.

La muhimu zaidi, shira hutuliza koo tu. Haiui virusi vya mafua, wala haitibu nimonia. Mtoto wa kati ya miezi 2 na 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, ni dalili ya hatari. Hali ni hiyo hiyo iwapo kifua kinabonyea anapovuta pumzi au akishindwa kunywa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja, asisubiri kijiko kingine cha shira.