Cherehani ya mkono mrefu na kazi ya kumaliza mfarishi

Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, bitana chini. Kuzishona zishikane ndipo wengi hukwama, maana mfarishi wa kitanda haupiti kwenye cherehani ya kawaida ila kwa kukunjwa na kuvutwa, na bitana hujikunja.

Kwa cherehani ya mkono mrefu, nguo hutulia juu ya fremu na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea. Bitana izidi uso kwa kama sentimita 10 kila upande. Uzi ujaribiwe pembeni kwanza: wa juu ukilegea, vitanzi hujitokeza chini usikoona, na kufumua ni adhabu.

Lakini fremu ya mita tatu, jamani, itakaa chumba gani Mji wa Kale? Hata Marekani wengi hulipia kushonewa, pindo wakamalizia wenyewe nyumbani.