Ukizamia Msimbati, Lala Pwani

Swali la kwanza ambalo mwenye kituo cha kuzamia pwani ya Mtwara anapaswa kukuuliza halihusu pesa. Ni hili: unarudi lini, na unarudi wapi? Ukimjibu "leo mchana, Newala", naye akaendelea kuandika risiti kana kwamba umesema Mikindani, palepale pwani, beba mfuko wako utafute mwingine.

Newala, kule juu uwandani, iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Masasi iko chini kidogo, lakini nayo imeshavuka mita 300, na mita 300 ndipo mafunzo ya kuzamia yanapoanza kuhesabu mwinuko. Kwa mwenyeji hizo ni namba za ramani tu. Hakuna anayehema akisimama Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma. Kwa mwili uliokuwa mita 18 chini ya maji asubuhi ileile, mambo ni tofauti.

Ufukweni tunabanwa na uzito wa hewa peke yake. Ukishuka mita 10 ndani ya bahari mgandamizo unakuwa mara mbili, na mita 20 unakuwa mara tatu. Hewa ya mtungini ni hii hii tunayovuta kila siku, karibu sehemu nne kati ya tano zikiwa naitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Chini ya mgandamizo, naitrojeni huyeyuka na kuingia kwenye damu, mafuta na maungio. Ukipanda taratibu inatoka kupitia mapafu bila wewe kujua. Ukipanda kwa pupa inatoka kama povu la dumu la uraka uliofungwa ukiwa bado unachacha, na povu hilo likijitokeza kwenye bega ni maumivu, likijitokeza kwenye uti wa mgongo linaweza kupoozesha.

Jambo linalosahaulika ni kwamba hata aliyepanda taratibu, akafuata kila agizo, anatoka majini akiwa bado na akiba ya naitrojeni inayohitaji saa nyingi kuisha. Akidandia basi la kupitia Tandahimba mchana huohuo, mgandamizo wa hewa unazidi kupungua kadiri gari linavyopanda. Kwa mwili wake ni kama bado anaibuka, safari hii bila mwalimu pembeni. Njia ya Masasi kupitia Mnazi Mmoja na Ndanda ina nafuu kidogo kwa kuwa inafuata bonde la Lukuledi, ila anayekwenda Newala kwa njia hiyo atakutana na mlima mwishoni.

DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kwenda kwenye mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Ushauri huo uliwekwa kwa ajili ya abiria wa ndege, lakini naitrojeni haijui tofauti ya ndege na basi. Kwa hiyo bajeti yako iwe na usiku mmoja wa ziada pwani. Mbizi ya mwisho ifanyike asubuhi, mchana utembee Mikindani kwenye majengo ya kale, ulale, kesho yake ndipo upande. Wa Masasi naye namshauri hivyohivyo. Gharama ya chumba cha wageni ni ndogo.

Sasa uende lini? Vitabu vya wageni huwaelekeza watu Juni hadi Agosti, kwa sababu ndiyo likizo yao. Kwetu huo ni wakati wa kusi. Upepo unavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, boti inarukaruka na nusu ya abiria wanatapika kabla ya kufika mwambani. Tena ni msimu wa kupulizia mikorosho. Mtu aliyeshinda wiki nzima kwenye vumbi la salfa, kifua kikimkereketa na kikohozi hakijaisha, asiguse mtungi, kwa sababu njia za hewa zilizoziba hunasa hewa wakati wa kupanda, na hewa iliyonaswa hutanuka hadi kuchana mapafu.

Mimi ningesubiri maleleji, kati ya Oktoba na Novemba, kusi likiwa limekufa na kaskazi haijashika. Bahari hutulia, na nyangumi wenye nundu, ambao hupita pwani ya kusini kuanzia Julai, huenda bado wako njiani. Bahati njema huo pia ndio wakati wa minada ya korosho, kwa hiyo mwenye shamba anaweza kuwa na malipo yake mkononi. Usiisogeze safari mbele sana. Masika ya kwetu huanza Desemba, Mto Ruvuma huleta tope, na kuzamia karibu na mlango wa mto huwa kama kuzamia ndani ya chai ya maziwa.

Eneo lenyewe linastahili subira hiyo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji, na aina zaidi ya 250 za matumbawe. Pale Msimbati, ndani ya hifadhi, mwamba unaanguka ghafla kuelekea kilindini karibu kabisa na ufukwe. Uzuri huo una masharti: maji yanayoingia na kutoka ghubani hukimbia sana wakati wa bamvua. Mwulize mwenye kituo atakushusha saa ngapi. Anayejua kazi yake atakutajia maji mafu, au ule muda mfupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Anayesema "saa yoyote utakayofika" hajui, au anajua na hajali.

Vituo vya kuzamia huku kusini ni vichache ukilinganisha na Unguja au Mafia, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi. Uchache huo usikufanye ukubali chochote. Mwalimu ana kadi yenye namba, na shirika lililomfunza linaweza kuithibitisha. Mtungi una tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye chuma begani mwake, isome mwenyewe. Sogelea kompresa, uangalie bomba la kuvutia hewa limeelekea wapi. Likiwa jirani na ekzosi ya injini utajaziwa moshi, na moshi uliobanwa huua mtu akiwa chini, kimya, bila harufu ya kumshtua. Halafu omba kuonyeshwa oksijeni ya dharura. Usikubali kuambiwa ipo ofisini. Iwe ndani ya boti, ifunguliwe uisikie ikitoka.

Watu wengi wa uwanda wa Newala wamekua mbali na maji. Kule kupata ndoo ya maji kulikuwa safari. Hilo si kizuizi. Mbizi ya majaribio haizidi mita 12, mwalimu yuko nawe kila dakika, na wageni wake wasizidi wanne. Anayetaka cheti cha awali, kinachomruhusu kufika mita 18, ndiye lazima aogelee mita 200 na kuelea dakika 10. Utapewa fomu ya afya. Ukiwa na pumu, ujauzito, selimundu au ugonjwa wa moyo, andika ukweli na umwone daktari kwanza. Uraka na gongo viache tangu jana yake.

Dalili za mapovu ya naitrojeni mwilini huanza mara nyingi ndani ya saa chache, na nyingi hujitokeza kabla ya siku kuisha: maungio kuuma, ganzi, miguu kulegea, uchovu usioelezeka. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi, na simu ipigwe. Tiba kamili ni chumba maalumu cha mgandamizo. Wazamiaji wa Tanzania wametegemea cha Zanzibar, na mwenye kituo anapaswa kujua namba yake na kama wiki hiyo kinafanya kazi.

Shida inakuja dalili zikianza umeshafika nyumbani. Mtu anayeingia kituo cha afya cha Kitangari akilalamika viungo na uchovu atapimwa malaria, na hakuna wa kumlaumu mganga. Mwambie mara unapokaa kwamba ulizamia. Mpe karatasi yenye kina ulichofika, muda uliokaa chini, na saa uliyotoka majini. Asikupeleke mbele zaidi mlimani; aanze kukupa oksijeni hapohapo, kisha azungumze na hospitali ya Ligula, Mtwara.