Timu Ikizidiwa Mno

Fungueni daftari zenu. Neno letu la leo ni HURUMA, nasi tutalisoma katika habari ya michezo.

Katika mashindano ya UMISSETA shule za sekondari hucheza pia mpira wa kikapu. Fikirini timu ya mjini Sumbawanga yenye uwanja wa saruji, na timu ya kijijini inayojifunzia kwenye vumbi. Nusu ya mchezo imepita: 60 kwa 4. Refa afanyeje?

Mchezo huu una dakika 40, lakini saa husimama kila filimbi inapolia, hivyo hurefuka sana. Katika majimbo mengi ya Marekani, timu ya shule ikizidi mno katika kipindi cha pili, kwa mfano kwa pointi 35, saa haisimamishwi tena kwa kila filimbi. Hakuna anayetolewa uwanjani. Aibu hufupishwa tu.

Wengine hupinga, wakisema mtoto ajifunze kushindwa. Wana haki. Lakini mwaka 2009, huko Dallas, wasichana wa shule moja waliwafunga wenzao 100 kwa 0, na wakubwa wa shule iliyoshinda ndio walioomba radhi. Kocha wao alipoipinga radhi hiyo, alifukuzwa kazi.

Mimi naikubali kanuni ya saa, ila mchezo usikatizwe. Mtoto aliyepanda lori kutoka bonde la Ziwa Rukwa hakuja kutazama. Tena timu iliyo mbele iwaingize wachezaji wa akiba. Nao wamevaa jezi tangu asubuhi, na Ufipa mwezi wa Juni ni baridi!

Sasa andikeni sentensi tatu: mwanao angekuwa upande wa wenye 4, ungemwomba refa nini?