Karatasi ya Dawa Nayo Ifanye Mtihani

Kila mwaka makampuni ya dawa, hospitali na watu wa matangazo hukusanyika kutunzana. Aliyeandika karatasi ya maelezo iliyo wazi, au aliyebuni njia mpya ya kuwafahamisha watu maradhi na kinga yake, huitwa mbele ya wenzake akapewa tuzo. Wengi wetu tukisikia habari hizi huuliza: ya nini yote haya? Daktari atibu, mgonjwa apone, basi. Wahenga nao wamekwisha sema kwamba chema chajiuza.

Lakini, jamaa zangu, katika mambo ya ugonjwa chema hakijiuzi chenyewe. Dawa nzuri kabisa, ikiwa maelezo yake hayafahamiki, ama italala kabatini mpaka muda wake upite, ama italiwa vibaya ikaleta madhara. Kwa hivyo mwenye kulifikisha neno la daktari likafahamika naye ametibu, na anastahiki shukrani yake.

Hapa Uingereza kazi ya kuwatia watu hima waandike vizuri ilipitia kwanza mlango wa aibu. Chrissie Maher, mwanamke wa Liverpool aliyezaliwa mwaka 1938, aliingia katika ujana wake akiwa hajui kusoma. Alipokwisha jifunza hakuwasahau wale walioachwa nyuma. Mwaka 1979 alikwenda Parliament Square, mbele ya Bunge, akazikatakata hadharani fomu kwa mamia ambazo raia wa kawaida hawezi kuzifahamu. Hapo ndipo ilipoanza Plain English Campaign. Kuanzia mwaka 1980 chama hicho kilitoa tuzo ya kejeli iitwayo Golden Bull, yaani fahali wa dhahabu, kwa walioandika maneno ya ovyo kuliko wote. Watu wa afya nao hawakusalimika, kwani katika maandishi yao ulipatikana waraka uliotumia maneno zaidi ya mia moja kueleza kitanda cha hospitali ni kitu gani! Mwaka 1990 ikaja alama ya sifa, Crystal Mark, inayopigwa juu ya karatasi iliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Aibu upande mmoja na sifa upande wa pili, ndivyo mwanadamu anavyofunzwa.

Sheria nayo ikafuata. Tangu mwaka 2005 karatasi inayotiwa ndani ya boksi la dawa hapana budi ijaribiwe kwanza na watu wa kawaida. Aghalabu hutafutwa watu ishirini, kumi kwa kumi, wakapewa karatasi waisome, kisha wakaulizwa: Ukisahau kidonge kimoja ufanye nini? Nani asitumie dawa hii? Wakishindwa kulipata jibu, au wakilipata wasilifahamu, karatasi hurudishwa ikaandikwa upya. Mimi niliyefundisha miaka mingi jambo hili lilinifurahisha sana. Mwanafunzi mmoja akianguka, labda hakusoma. Nusu ya darasa ikianguka, mwalimu na ajitazame. Hapa anayefanya mtihani ni karatasi, wala si mgonjwa.

Sasa tutazame tuzo mbili zilizotolewa Cannes, Ufaransa, ambako tangu mwaka 2014 hufanywa mashindano makubwa ya matangazo ya afya yaitwayo Lions Health.

Mwaka 2017 mojawapo ya tuzo kubwa ilikwenda kwa bangili ya shanga. Wizara ya Afya ya Afghanistan, ikisaidiwa na kampuni ya McCann Health ya India, ilitazama desturi ya akina mama wa huko ya kumvisha mtoto mchanga bangili ya kumkinga na jicho baya. Hawakuwaambia akina mama hao kwamba ni wajinga. Waliichukua bangili ile ile, wakaweka utaratibu kwamba kila mtoto anapochomwa chanjo huongezewa ushanga wa rangi yake. Mama asiyejua kusoma hutazama mkono wa mwanawe akajua chanjo zipi amepata. Mhudumu wa afya naye hutazama mkono huo huo akajua zipi zimebaki. Sisi tuliowaona bibi zetu wakimpaka mtoto wanja na kumfunga hirizi kwa kuogopa husuda hatuhitaji kuelezwa kwa nini mama yule aliipokea bangili, na kadi pengine angeipoteza.

Ya pili ni ya mwaka 2015, nayo ilitoka Mexico. Wanawake wa kabila la Wazapoteki walikuwa hawana maneno ya heshima ya kuzitaja sehemu zao za siri, hata ikawa vigumu kumweleza daktari wanachoumwa, na saratani ya shingo ya kizazi ikizidi kuingia ndani. Kampuni ya Leo Burnett, kwa gharama za watengenezaji wa Always, ilishughulikia kutungwa maneno hayo katika lugha yao wenyewe, ili mwanamke aweze kusema bila ya kuona haya. Na sisi je? Ni mama wangapi katika jamaa zetu huingia kwa daktari wakasema "tumbo linaniuma," kumbe si tumbo?

Sisemi kwamba tuzo hizi hazina kasoro. Wanaotunzana ni watu wa biashara moja, kushindana kwenyewe kuna ada yake, na majaji hawakulala wodini. Tangazo laweza kupigiwa makofi Cannes na mgonjwa asipate faida yoyote. Kwa hivyo kipimo cha haki ni kimoja tu: je, aliyeambiwa amefahamu?

Kipimo hicho tukilete majumbani mwetu, kwani hatari imo humo humo. Daktari amesema dawa inywewe "eight o'clock." Mjukuu aliyezaliwa hapa anamfasiria bibi yake: "saa nane." Bibi anakunywa saa nane yake, mchana, wakati daktari alikusudia saa mbili asubuhi. Zimepita saa sita. Baadhi ya dawa za sukari, zikinywewa nje ya wakati wake na chakula hakipo, huweza kumwangusha mtu akazimia. Hapana aliyesema uongo hapo, ila neno halikufika.

Basi nashauri hivi. Kila mzee akitoka kwa daktari, asiulizwe "umefahamu?" kwani kwa adabu zetu atajibu "ndiyo." Aambiwe, "Hebu nieleze, bibi, utainywaje?" Akieleza sawa, alhamdulillahi. Akikosea, tumweleze tena kwa maneno mengine. Kwa mambo mazito ya hospitali ombeni mkalimani mapema, kwani NHS haitozi fedha kwa hilo, wala si haki kumtwika mtoto habari za ugonjwa wa mama yake.

Na katika mkutano wetu wa familia tuweke tuzo ndogo kwa watoto. Kila mmoja amwandikie babu au bibi yake karatasi moja ya dawa zake, kwa Kiswahili, kwa saa zetu, na herufi kubwa. Majaji wawe wazee wenyewe. Karatasi ambayo mzee ataisoma, akaieleza bila ya kusaidiwa, hiyo ndiyo itakayoshinda.