Pesa ya Mkopo Ina Haraka, Ardhi ya Kijiji Haina

Kuna mteja ambaye madalali wa mashamba wa Kisarawe, Kilosa au Njombe humtambua kabla hajafungua mdomo. Anaishi mjini, ameajiriwa, mkopo wake umeingia benki juzi, na anataka Jumapili jioni arudi nyumbani na karatasi mkononi. Huuliza ekari ni bei gani na muhuri unagongwa wapi. Maji hayaulizii, jirani hamuulizii, wala hashangai kwa nini shamba zuri namna ile limekosa mnunuzi hapo hapo kijijini. Dalali akishajua kwamba pesa hiyo ni ya mkopo, bei inapanda na maelezo yanapungua.

Ushauri mwingi kuhusu ununuzi wa ardhi hutenganisha mambo mawili: nyaraka zikaguliwe na mwanasheria, mkopo ushughulikiwe na benki. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, hayo mawili ni jambo moja. Mkopo wa mshahara huanza kukatwa mwezi unaofuata, na fedha iliyolala kwenye akaunti inatozwa riba huku ada ya shule na msiba wa kijijini vikiinyemelea. Mkopaji analazimika kukimbia. Ardhi ya kijiji, kwa sheria na kwa desturi, inakwenda kwa mwendo wa vikao. Anayeikimbiza huruka hatua, na zile alizoruka ndizo zinazomrudia miaka mitano baadaye akiwa kwenye baraza la ardhi.

Tuanze na kile kinachouzwa. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyomo. Sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Shamba unaloonyeshwa huko porini, mara nyingi, liko kwenye kundi la pili. Msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, nayo inasimamia kama mdhamini tu.

Hapa kuna tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaelezwi. Ukipewa ardhi ambayo haijawahi kugawiwa mtu, huo ni ugawaji, na halmashauri haina mamlaka ya kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima wakiwa wamekaa chini ya mwembe wao au kwenye darasa la shule. Mkutano huo wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukinunua kutoka kwa mwanakijiji mwenye shamba lake, huo ni uhamisho wa hakimiliki ya kimila, nao unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji iliyokaa kikao na kuandika muhtasari. Mwenyekiti aliyekutana nawe kwenye mgahawa na kugonga muhuri juu ya meza ya chai si halmashauri. Mtendaji wa kijiji naye, pamoja na ofisi na kabati lake, si halmashauri. Mahakama zimekwisha kubatilisha mauzo yaliyofanyika bila ridhaa hiyo, na mnunuzi hubaki akimdai muuzaji ambaye pesa amekwisha kuila.

Kwa hiyo omba kuona muhtasari wa kikao, wenye tarehe, mahudhurio na sahihi. Ukiambiwa ulipe asilimia 10 ya bei kwa ajili ya kijiji, uliza ni sheria ndogo ipi inayosema hivyo, na udai risiti ya serikali. Usiulize kwa ukali. Uliza kwa heshima, kwa sababu hao ndio watakaokuwa wenyeji wako. Ila uliza.

Baada ya ofisi inakuja familia. Mzee anayeuza anaweza kuwa mwenye shamba kweli, lakini yeye si mwenye neno la mwisho. Mke wake, au wake zake, wana maslahi ambayo sheria inayatambua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Watoto wakubwa walioko Dar es Salaam au Mwanza hawatajwi siku ya mauziano, wakaibuka siku ya msiba. Kama shamba ni la urithi na mirathi haijafunguliwa, anayekuuzia anauza fungu ambalo bado halijajulikana ni la nani. Mke asaini, watoto wakubwa wasaini, majirani wa pande zote nne wasaini baada ya kutembea kwenye mpaka kwa miguu. Jirani asiyetaka kusaini anakupa taarifa ambayo hakuna dalali angekupa.

Na mpaka wenyewe ni upi? Vijijini ekari bado hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Ekari moja ni mita za mraba 4,047, sawa na uwanja wa takribani mita 63.6 kwa kila upande. Mtu mrefu anayerusha miguu anaweza kuikaribia. Mpimaji wa muuzaji anayepiga hatua fupi za sentimita 75 atakupatia mita 52.5 kwa upande, yaani mita za mraba 2,756, zaidi kidogo tu ya theluthi mbili za ekari. Ukinunua ekari 10 za namna hiyo umelipia ekari tatu za hewa. Mpima ardhi mwenye kifaa chake atakugharimu kiasi, lakini hata simu yenye ramani ya satelaiti ingekuonyesha kwamba hesabu haikai sawa.

Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo hutenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho, misitu na vyanzo vya maji. Kwenye wilaya zenye historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji, Kilosa ikiwa mfano unaojulikana na kila mtu, mgeni anaweza kuuziwa kipande kilichotengwa kuwa malisho, akapanda mahindi, kisha akalalamika kwamba ng'ombe wameingia shambani mwake, wakati yeye ndiye aliyeingia kwa ng'ombe. Angalia na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Kile kipande cha bondeni chenye udongo mweusi ambacho dalali amekiacha mpaka mwisho ili kikumalize kabisa, huenda ndicho usichoruhusiwa kukilima. Hifadhi ya barabara kuu nayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.

Haya yote huchukua muda. Kuona shamba wakati wa masika, ujue maji yanasimama wapi, na kuliona tena kiangazi, ujue yanabaki wapi, ni miezi kadhaa. Mwenye pesa yake mwenyewe anaweza kusubiri. Mwenye mkopo hawezi.

Sasa tuuangalie huo mkopo. Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari anayekopa shilingi milioni 6 kwa miaka mitatu, riba asilimia 18 kwa mwaka. Asilimia hiyo moja ina sura mbili. Ikipigwa kwenye mkopo wote kwa miaka yote, bila kujali alichokwisha kulipa, riba inafika milioni 3.24, na rejesho ni kama shilingi 256,700 kila mwezi. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni takribani shilingi 216,900, na riba yote haifiki milioni 1.81. Tofauti inazidi milioni 1.4, ingawa asilimia iliyotangazwa ni ileile 18. Usimuulize mkopeshaji riba ni asilimia ngapi. Muulize nitarejesha jumla shilingi ngapi, bima na ada za mkopo zikiwemo, kisha mwambie akuandikie.

Milioni 6 zimenunua ekari kadhaa za parachichi Njombe. Miche ya Hass iliyobebeshwa huanza kutoa matunda kama mwaka wa tatu, na mavuno ya kueleweka huja baadaye zaidi. Ikiwa ni paini kama zile za Mufindi, ongeza zaidi ya muongo mzima. Mkopo utakuwa umekwisha kulipwa wote kabla shamba halijatoa shilingi ya kuhesabika. Maana yake ni kwamba shamba halitalipa mkopo huu hata kidogo. Utalipwa na mshahara, na mshahara huohuo ndio utakaolipa kusafisha shamba, miche, maji ya kiangazi, palizi na kijana wa kulinda. Wanaolima kwa simu wanajua sehemu ya pili ya gharama hii: kila simu inayopigwa kutoka shambani inaomba muamala.

Ndiyo maana hesabu ya kufanya kabla ya kukopa haihusu bei ya ekari. Andika mshahara unaobaki baada ya makato yote ya sasa. Kanuni ya watumishi inataka theluthi moja ya mshahara isiguswe na makato, lakini kanuni hiyo ni ukingo wa shimo. Haikuwekwa kuwa mahali pa kukaa. Toa rejesho jipya. Toa matumizi ya shamba kwa miezi 36. Kinachobaki kikishindwa kubeba kodi ya nyumba, chakula, nauli na dharura moja ya kawaida, ujue tayari ni lini utakopa tena, hata kama hujui ni kwa nani.

Mara nyingi ni kwa kausha damu. Jina hilo limetungwa na wakopaji wenyewe, na halihitaji maelezo. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana, kundi ambalo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaliita daraja la pili. Wapo wasio na leseni wanaotoza mara tano au sita ya hapo. Mtu akikopa shilingi 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi na akawa analipa riba tu ili asisumbuliwe, baada ya miezi 10 ametoa shilingi milioni moja na bado anadaiwa 500,000 zilezile. Wengine huweka kadi ya benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji, kinyume na akili na kinyume na masharti ya benki yao. Mikopo ya simu ndiyo mlango mwepesi kuliko yote; Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mwenye shamba jipya huingia humo kwa jambo dogo kabisa: pampu imeharibika, miche inakauka, mshahara uko mbali.

Utasikia hoja kwamba ardhi haiozi, mambo yakibana utaiuza. Kwa kiwanja cha mjini chenye hati hoja hiyo ina ukweli. Kwa ardhi ya kijiji ni dhaifu. Unapotaka kuuza unarudi kwenye vikao vilevile, mnunuzi wako naye atataka ridhaa ya halmashauri, na kijiji kizima kimekwisha jua kwamba una shida. Hati ya hakimiliki ya kimila ilipigiwa debe sana tangu MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ilipoanza mwaka 2004 kwamba ingempeleka mkulima benki. Baadhi imewapeleka. Lakini mabenki mengi yamebaki na mashaka, kwa sababu hizo hizo za vikao na za kupata mnunuzi pale mkopaji anaposhindwa. Hati hiyo ichukue, maana inakulinda wewe na warithi wako. Usiihesabu kama pesa.

Sisemi mtu asikope kamwe kwa ajili ya ardhi. Mkopo wa SACCOS wenye riba ya salio linalopungua, uliochukuliwa baada ya vikao kukaa, baada ya mipaka kutembewa na baada ya nusu ya bei kutoka kwenye akiba yako, ni kitu kingine kabisa. Mpangilio ndio unaougeuza. Hata malipo yenyewe yanaweza kufuata hatua za kijiji: sehemu ndogo wakati wa makubaliano, sehemu kubwa muhtasari wa halmashauri ukiwa mkononi, salio hati ikitoka kwa jina lako. Muuzaji mkweli anaweza kunung'unika kwa mpango huo, lakini ataukubali akiona tarehe zimeandikwa na mashahidi wapo.

Na kama una mkopo mwingine unaokatwa sasa, ipo njia ambayo wenyeji huitumia kila mwaka na wageni huidharau: kukodi. Kodi ya msimu mmoja ni sehemu ndogo ya bei ya kununua, na makubaliano yake ni mepesi zaidi, ingawa nayo yaandikwe. Lima ekari mbili. Utajua mvua za pale, utajua mifugo inapita wapi, utajua jirani yupi anaheshimiwa na yupi anakwepwa, na utajua kama mzee anayetaka kukuuzia ndiye hasa anayeamua. Msimu huo huo unatosha kumaliza madeni madogo na kuitisha vikao viwili vya kijiji. Akikwambia hawezi kukukodisha kwa kuwa wateja wengine wamepanga foleni kununua, mshukuru mzee, umwache awauzie hao.