Ulimi Unapokwama Mbele ya Mtu Mashuhuri
Je, umewahi kukutana ana kwa ana na mtu mashuhuri unayemstahi, kama vile mwanariadha Eliud Kipchoge, ukashindwa hata kumwamkia? Huo si ujinga wala ugonjwa. Ubongo unapohisi kwamba unapimwa, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda, mdomo hukauka, maneno hupotea. Vuta pumzi polepole, mwamkie, kisha sema jambo moja tu: "Hongera kwa mbio zako za Vienna mwaka 2019." Lakini ikiwa woga huo hukupata pia mbele ya mwalimu, mwajiri au mwenye duka, na umedumu miezi 6 au zaidi, mwone daktari. Hali hiyo hutibika.