Mashauriano ya Hadhara na Mabadiliko ya Rai za Raia

Neno shauri, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili kuu katika Kiswahili: jambo linalozozaniwa, na nasaha itolewayo ili jambo hilo lipate mwisho. Kutokana nalo kumepatikana kitenzi kushauriana. Kushauriana si kubishana. Anayebishana hutaka kushinda; anayeshauriana hukubali tangu mwanzo kwamba huenda akaondoka na rai isiyokuwa ile aliyokuja nayo. Je, jambo hilo hutokea kweli katika siasa?

Mwaka wa 1988, Mmarekani James Fishkin alipendekeza njia ya kulipima. Raia huteuliwa kwa bahati nasibu ili wawe mfano wa taifa zima, nao huulizwa rai zao. Kisha hupewa maelezo yenye hoja za pande zote, huzungumza katika vikundi vidogo mbele ya msimamizi asiyeegemea upande wowote, na huwahoji wataalamu na wanasiasa. Mwishoni huulizwa tena maswali yaleyale. Jaribio la kwanza lilifanyika Manchester, Uingereza, mwezi wa Aprili 1994, ambapo watu wapatao 300 walijadili uhalifu. Kabla ya mazungumzo, 57 kwa mia waliona kwamba kuwatia gerezani wahalifu wengi zaidi ni njia ifaayo ya kuupiga vita uhalifu. Baada yake walibaki 38 kwa mia.

Sababu za mabadiliko hayo ni mbili. Ya kwanza ni maarifa: raia ajuaye kwamba kura yake ni moja kati ya mamilioni haoni haja ya kuchunguza mambo, lakini akijua kwamba sauti yake itasikika, husoma na kuuliza. Ya pili ni kukutana na wasiofanana naye. Wenye rai moja wakijitenga, matokeo huwa kinyume. Mwaka wa 2005, katika jimbo la Colorado, Marekani, David Schkade, Cass Sunstein na Reid Hastie waliwakutanisha wakaaji wa Boulder, wa mrengo wa kushoto, peke yao, na wa Colorado Springs, wa mrengo wa kulia, peke yao. Baada ya mazungumzo, kila upande ulizidi kukaza msimamo wake. Kwa hiyo kinachobadilisha rai si mazungumzo matupu, bali ni utaratibu wake.

Kwa kipimo hicho yafaa kuangaliwa Mkutano Mkuu wa Taifa wa Zaire, uliofunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991 na kufungwa tarehe 6 Desemba 1992. Wajumbe wake, zaidi ya 2.800, hawakupatikana kwa bahati nasibu. Walitumwa na vyama vya siasa, taasisi za serikali, makanisa na mashirika. Aliyetumwa hawi huru kubadili rai, kwani waliomtuma wangemwita msaliti. Hata hivyo vikao vilitangazwa redioni na katika televisheni, na yaliyokuwa yakinong'onwa nyumbani yakasemwa hadharani. Mkutano uliposimamishwa mwezi wa Januari 1992, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari wakidai ufunguliwe, na baadhi yao waliuawa. Pengine badiliko kubwa zaidi halikuwa kwa wajumbe waliosema, bali kwa raia waliosikiliza: walikwisha kuliona shauri la taifa kuwa shauri lao.